Zile sio gemu jamani, ni hesabu za dawa kupenya kwenye seli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika wiki iliyopita akilalamika kwamba vyuo vyetu vinanunua kompyuta za bei mbaya ili wanafunzi wakae wanaangalia vidoti vinacheza kwenye skrini wakati zahanati hazina hata panadol. Hasira yake naielewa, mi mwenyewe ni mfamasia nina duka Tandika, kila siku niko kaunta naona watu wanaulizia bei halafu wanaondoka na nusu dozi kwa sababu hela haitoshi. Lakini alipoziita gemu hapo kanigusa, na cha ajabu gazeti lako hilihili lilishawahi kutoa makala iliyosema kinyume chake kabisa, ati kompyuta sasa zinagundua dawa zenyewe na maabara zitafungwa. Huyu kazidisha huku yule kazidisha kule. Hizo hesabu, za kuigiza kwenye kompyuta jinsi dawa inavyopenya kwenye seli, zinafanya kazi moja ndogo tu kwenye safari ndefu ya dawa, ila ni kazi ya maana na ni kazi ambayo sisi hapa Dar tunaiweza leo bila kusubiri mfadhili.

Nianzie kaunta maana huko ndo naishi. Anakuja kijana wa bodaboda mafua yamembana, macho yanawasha, dokta nipe zile ndogo za njano. Namuuliza kaka leo unaendesha mpaka saa ngapi, anasema mpaka usiku, basi zile za njano nazirudisha kwenye kabati nampa setirizini. Zote mbili ni dawa za mzio na zinaziba mlango uleule wa histamini, ile kemikali ya mwili inayoleta muwasho na mafua, lakini klofeniramini ambayo watu wanaiita Piriton ni molekuli ndogo inayopenda mafuta, inapenya mpaka kwenye ubongo na mtu anasinzia juu ya pikipiki, wakati setirizini ikiwa kwenye damu inabeba chaji ya umeme chanya na hasi kwa pamoja na sehemu kubwa inaishia nje ya ubongo. Au chukua jentamisini, dawa ya kuua bakteria. Wateja wananiuliza kwa nini hii hamna ya vidonge, sindano zinauma. Ni kwa sababu imejaa chaji, ukiimeza inapita tumboni inatoka ilivyo, kwenye damu hakifiki kitu cha maana. Yaani swali la dawa inapita wapi na inakwama wapi nakutana nalo kila siku ya Mungu, sio la maprofesa peke yao.

Kinachoamua mara nyingi ni utando wa seli. Ni utando wa mafuta mwembamba sana, unene wake nanomita 4 hadi 5, ukizibandika tando kama laki 2 moja juu ya nyingine ndo unapata milimita 1. Umejengwa na molekuli zinazoitwa fosfolipidi, kila moja ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia maji, zimejipanga safu mbili, mikia imejificha katikati na vichwa vimetazama nje. Sasa dawa ya kumeza ina mtihani mgumu kwelikweli. Kwanza iyeyuke kwenye maji ya tumboni, halafu ikifika kwenye utando iyaache maji iingie kwenye mafuta, halafu ikubali kutoka tena kwenye mafuta iingie kwenye maji ya upande wa pili. Ikipenda maji sana haiingii, ikipenda mafuta sana haiyeyuki, na hata ikiingia inaweza kuganda hapo katikati isitoke. ALu tunayowapa watu wa malaria ni mfano mzuri, ile lumefantrini iliyomo ndani yake inapenda mafuta mno, kwenye maji haitaki kuyeyuka, ndo maana nawasisitiza wamama mpe mtoto na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo. Walipowapima watu wazima wasio wagonjwa, aliyekula mlo wa mafuta lumefantrini iliingia mwilini mara 16 zaidi ya aliyemeza na tumbo tupu. Mara 16! Na bado kuna watu wanamezea chai ya rangi.

Haya mambo hayajaanza jana. Mwaka 1899 Ernest Overton akiwa Zürich alishajaribu mamia ya vitu kwenye seli akaona kwamba kinachoyeyuka kwenye mafuta ndo kinapenya haraka. Karibu miaka 100 baadaye, 1997, Christopher Lipinski na wenzake wa Pfizer wakatoa kanuni ambayo kila mwanafunzi wa famasia anaikariri, kwamba molekuli ya kumeza uzito wake usizidi dalton 500 (dalton ni kipimo cha uzito wa molekuli), isipende mafuta kupita kiwango, na isiwe na sehemu nyingi za kushikana na maji. Kanuni nzuri ila ni ya kukisia, haikuonyeshi kinachotokea ndani ya utando. Rifampisini ya TB ina uzito wa karibu 823 na inamezwa kila siku, mgonjwa anakojoa rangi ya machungwa anakuja anakimbia kuniuliza kama figo zimeharibika, ndo ushahidi kwamba imeingia na imezunguka mwili mzima. Kwa kanuni ile peke yake ungeikata mapema.

Hapo ndo zinapoingia hesabu za kompyuta, na nitaeleza nilivyoziona kwa macho yangu. Binti wa kaka yangu anasoma masta ya kemia hapahapa Dar, kazi yake ndo hii. Kuna siku akaniambia baba mdogo si umekuwa ukiuliza, njoo basi uone. Kwenye skrini kulikuwa na boksi, katikati limepita pande la mafuta, juu na chini maji. Fosfolipidi 128, yaani 64 kila safu, aina inayoitwa POPC ambayo molekuli moja ina atomi 134, ukijumlisha na maji yake boksi zima linabeba atomi kama elfu 36. Mikia ya mafuta inapinda inanyooka, maji yanagonga vichwa yanarudi, mara moja moja molekuli ya maji inajikuta ndani kwenye mafuta inarushwa nje chapchap. Hivyo vidoti anavyovisema msomaji mwenzangu ndo hizi atomi, na hakuna mtu aliyezichora zicheze hivyo. Kompyuta inapiga hesabu ya jinsi kila atomi inavyovutwa na kusukumwa na wenzake, inaisogeza kidogo sana, inapiga tena. Hatua moja ni femtosekunde 2, na femtosekunde ni sehemu ya milioni ya nanosekunde, ambayo nayo ni sehemu ya bilioni ya sekunde. Ili upate nanosekunde 1 unahitaji hatua laki 5, na maikrosekunde 1 ni hatua milioni 500. Mwaka 1977 watu wa kwanza kuigiza protini kwa njia hii walipata chini ya pikosekunde 10, yaani hata sehemu ya mia ya nanosekunde haikufika, wakaandikwa kwenye vitabu, na mmoja wao, Martin Karplus, mwaka 2013 aligawana Nobel ya Kemia na Michael Levitt na Arieh Warshel kwa mchango wao kwenye hizi hesabu. Sasa kama ni gemu basi ni gemu iliyopewa Nobel.

Nikamuuliza swali la kijinga, mbona dawa yenyewe imeshikwa haivuki? Akacheka. Akasema baba mdogo ukisubiri ivuke yenyewe utazeeka, dawa nyingi muda wa kuvuka ni mrefu kuliko chochote ambacho hii mashine inaweza kuigiza. Kwa hiyo wanaiweka dawa juu kwenye maji wanaishikilia hapo kwa springi ya kihesabu, wanapima inasukumwa kwa nguvu kiasi gani, halafu wanaishusha sehemu ya kumi ya nanomita wanaishika tena wanapima, hivyohivyo mpaka katikati ya utando, ni kama mvuvi anavyopima kina kwa upondo hatua kwa hatua badala ya kusimama ufukweni akisubiri chombo kipite kwa bahati. Vipimo vyote wanaviunganisha unapata mchoro mmoja wa mlima na bonde. Kilele kikiwa juu dawa inapita kwa shida, na bonde likiwa refu sana katikati ya mafuta dawa inatumbukia inang'ang'ania humo. Ukichanganya huo mchoro na kasi ya dawa kutembea katika kila kina unapata namba ya upenyaji, njia ambayo Siewert-Jan Marrink na Herman Berendsen wa Groningen kule Uholanzi waliionyesha mwaka 1994 kwa maji yanavyopita kwenye utando. Na programu yenyewe anayoitumia binti, GROMACS, chimbuko lake ni hukohuko Groningen na ni ya bure. Bure kabisa, unaipakua tu, hamna leseni ya kulipia wala mtu wa kukuuzia ya magendo Kariakoo.

Tuje kwenye hela maana najua msomaji ndo alipokomalia. Kazi ya dawa moja inaweza kuwa vituo 36 vya kuishika dawa, nanosekunde 50 kila kimoja, jumla nanosekunde 1,800. Kompyuta moja ya mezani yenye kadi nzuri ya GPU, kadi zilezile vijana wa Sinza wanazonunua wachezee mpira, inafanya mamia ya nanosekunde kwa siku kwa boksi la ukubwa huo. Kwa hiyo kama wiki moja dawa moja imeisha. Umeme mashine nzima ikila wati 350 ni kama uniti 8 na kitu kwa siku, ukiweka LUKU ya kawaida ni kama shilingi elfu 3, wiki elfu 20 na kitu. Kadi yenyewe bei yake mara nyingi ni chini ya bodaboda mpya. Mtu atasema na umeme ukikatika? Swali zuri, tuko Dar hapa. Ile programu usipoigusa mipangilio yake inahifadhi ilipofikia kila baada ya dakika 15, umeme ukirudi unaiambia endelea inaendelea palepale. Binti aliniambia mashine yao imekatikiwa katikati ya kazi hajui mara ngapi na matokeo yako salama, kilichokufa ni pawa saplai tu.

Sasa nigeukie upande wa makala yenu ya kompyuta kugundua dawa, maana sitaki mtu anisome aondoke anadhani maabara hazina kazi. Upenyaji unategemea urefu wa ule mlima kwa namna ya hatari, kwenye joto la mwili ukikosea urefu kwa kilokalori 1.4 tu kwa moli, maana mlima ule unapimwa kwa nishati, namba yako ya mwisho inakosea mara 10. Na hizo kilokalori 1.4 ni kosa la kawaida kwenye hizi hesabu, halihitaji uzembe wa mtu. Ndo maana wanaojua kazi hawakwambii dawa hii itapita kwa kasi hii kamili, wanakwambia kati ya hizi tano anzeni kupima hii na hii, zile mbili za mwisho msipoteze kemikali zenu. Kupanga foleni hapo kompyuta iko vizuri. Kutoa hukumu bado.

La pili na ndo kubwa zaidi kwangu mimi mtu wa dawa, utando halisi una milango na pampu. Loperamidi tunayouza ya kuharisha iko kwenye ukoo mmoja na morfini, watu wengi hawajui. Inapenda mafuta, boksi la binti lenye mafuta na maji matupu lingekwambia hii inaingia kwenye ubongo bila shida, mgonjwa atalewa. Halewi kwa dozi ya kawaida kwa sababu kwenye mishipa ya ubongo kuna protini inaitwa P-glikoprotini inaikamata inairudisha kwenye damu. Hata setirizini yangu ya kaunta kinachoizuia sio chaji peke yake, pampu hiyohiyo ina mkono wake. Utando wenyewe nao sio wa mafuta ya aina moja kama ule wa kwenye boksi, una kolesteroli, una mafuta ya aina kibao, na upande wa ndani sio sawa na wa nje. Unaweza kuviweka hivyo vyote kwenye kompyuta, watu wanafanya, lakini kila ukiongeza kitu unahitaji muda na mashine zaidi na makosa mapya yanaingia. Kwa hiyo lazima mtu achukue seli kwenye maabara apime. Kuna seli zinaitwa Caco-2 zilizotokana na utumbo mkubwa wa binadamu, zinaoteshwa mpaka zinakuwa kama ukuta, unaweka dawa upande huu unapima imefika kiasi gani upande ule. Namba ya kompyuta bila kitu cha namna hiyo kwa jirani mi siinunui.

Msomaji atasema sawa nimekuelewa ila haya ya kizungu yanatuhusu nini. Aisee yanatuhusu kuliko wao. Wazee wa Dar wanakumbuka klorokwini. Ile ni besi, yaani kinyume cha asidi, ikiwa haina chaji inapenya utando vizuri, ikishaingia kwenye kifuko ambacho mdudu wa malaria anameng'enyea damu aliyokula inakutana na asidi, kwenye kipimo cha uchachu kinachoitwa pH ni karibu 5, inabeba chaji, na ikishabeba chaji kutoka haiwezi tena. Inarundikana humo inamzuia mdudu kuitengua sumu inayobaki kwenye damu aliyokula, anakufa. Dawa nzima ilikuwa imesimama juu ya hilo jambo moja, kuingia bila chaji na kunasa ikiwa na chaji. Halafu mdudu akabadilisha protini moja kwenye utando wa hicho kifuko, PfCRT, badiliko kubwa likiwa kwenye asidi amino ya 76, yaani kijenzi cha 76 cha protini hiyo, ikaanza kuitoa klorokwini nje, na mwaka 2001 Tanzania ikaiweka pembeni kama dawa ya kwanza ikaenda kwenye SP, dawa nyingine ya malaria, baadaye ALu. Watoto waliokufa katikati hapo nani anawahesabu. Kuelewa utando ndo kuelewa kwa nini ile dawa ilifanya kazi na kwa nini iliacha, na TB vilevile, yule mdudu ana ukuta wa nta ya asidi za maikoliki ambao dawa nyingi zinagonga zinarudi. Kampuni za Ulaya zina sababu gani kubwa ya kuhangaika na ukuta huo kutuzidi sisi?

Na kuna miti shamba. Pale Muhimbili kuna Taasisi ya Tiba Asili, watu wamekusanya mimea miaka na miaka, mmea mmoja tu unatoa kemikali chungu nzima na kuipima kila moja kwenye seli ni gharama. Azadirakitini ya mwarobaini, inayojulikana sana kwa kuua wadudu waharibifu, ina uzito wa 720, imejaa oksijeni zinazoshikana na maji. Kwa kanuni ya Lipinski unaitupa, lakini rifampisini nayo ungeitupa. Badala ya kubishana, iwekwe kwenye boksi wiki moja, elfu 20 ya umeme, tuone kilele chake kiko wapi, halafu ndo tuamue kama inastahili kemikali za maabara. Sisemi itakuwa dawa, nasema hilo swali linajibika hapa.

Wenzetu wa Cape Town wameshajipanga, pale chuo kikuu Profesa Kelly Chibale, mzaliwa wa Zambia hapo jirani, alianzisha kituo cha H3D mwaka 2010 kutafuta dawa za malaria na TB, wana wakemia, wana watu wa kompyuta, wana watu wa kupima, wote wanaongea. Hapohapo Cape Town mwaka 2016 ilizinduliwa supakompyuta ya Lengau. Sisi shida yetu sio hela peke yake. Kuna taasisi moja sitaitaja, ina kompyuta nzuri tu kuliko ya binti yangu, zimefungwa kwenye chumba chenye kiyoyozi na ufunguo anao mtu mmoja ambaye Ijumaa mchana humpati mpaka Jumatatu, na ukimpata anakudai barua yenye sahihi tatu. Wanafunzi wanapeana zamu kwenye mashine moja ya idara usiku wakati zile ziko kimya zinapigwa upepo. Msomaji mwenzangu angelalamikia hicho tungekuwa pamoja kabisa, ningeweka na sahihi yangu.

Panadol kwenye zahanati ni ishu ya manunuzi na usambazaji, ifuatiliwe huko inakohusika. Ukikinyima chuo kadi za kompyuta panadol haitatokea kwa sababu hiyo.

Mwisho Mhariri, ombi langu kwa waandishi wako. Wakienda tena chuoni wakakuta kijana anawaonyesha molekuli inavuka utando kwa rangi nzurinzuri, kabla hawajaandika dawa imegunduliwa wamuulize hii namba yako umeilinganisha na kipimo gani cha maabara, na utando uliotumia una nini ndani yake zaidi ya mafuta ya aina moja. Akijibu, majibu yake yachapeni yalivyo hata kama ni marefu, sisi wa kaunta tutayasoma.

Ni mimi msomaji wako,
Mfamasia, Tandika,
Dar es Salaam